Mali ya Kinu kwa Miaka Mitatu

Kila asubuhi Priska alifungua mfereji, maji ya mto yakaingia. Gurudumu kubwa la mti lilianza kuzunguka, na jiwe la juu likaanza kusaga. Mume wake, Nahumu, alimimina mahindi juu. Priska alipokea unga chini na kuujaza katika magunia. Miezi ya baridi walifanya kazi wamejifunga mablanketi mabegani, maana upepo wa Njombe ulipenya hata kwenye nyufa za ukuta.

Kinu hicho cha maji kilikuwa kando ya barabara ya Makambako. Hakikuwa chao peke yao. Kilikuwa mali ya kampuni ndogo. Efraimu, kaka yake Nahumu, alikuwa mwenyekiti. Majirani kadhaa walinunua hisa. Mmoja wao alikuwa Mama Bertila, mjane aliyeuza ng'ombe wake wa pekee ili ajiunge nao.

Kampuni ilinunua mahindi kwa wakulima, ikayasaga, ikauza unga. Mkokoteni wa ng'ombe uliupeleka unga mpaka Makambako, kwenye maduka na kwenye kambi ya wafanyakazi wa barabara.

Mwezi wa Juni, mwaka 1954, wanahisa walikutana nje ya kinu. Efraimu alisimama na karatasi ya hesabu ya mali. Kama kawaida yake, alisoma mstari wa mwisho tu.

"Mwaka juzi mali yetu yote ilikuwa shilingi elfu nne," alisema. "Mwaka jana, elfu nne na mia nne. Mwaka huu, elfu nne na mia tisa. Ndugu zangu, tunakua."

Watu walipiga makofi.

"Sasa sikilizeni. Kuna mtu Makambako anauza lori lake kuukuu. Atachukua ng'ombe wetu na mkokoteni. Pesa itakayobaki tutamlipa kila mwezi. Jumatano nakwenda kutia sahihi."

Makofi yakazidi. Priska hakupiga. Wiki iliyopita alikuwa ameomba pesa ya kununua grisi ya gurudumu, akaambiwa asubiri.

"Shemeji," alisema kwa heshima, "kama tunakua, mbona sandukuni hamna pesa ya grisi?"

"Pesa imo kwenye mali, shemeji. Tazama ghala. Limejaa mpaka juu."

Moyo wa Priska haukutulia. Ghala lilijaa kweli. Lilijaa kwa sababu magunia yalikuwa hayaondoki.

Siku iliyofuata, jirani yao Linus alileta mahindi yake kusaga. Linus alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa pareto. Kazi yake ilikuwa kutunza hesabu za chama hicho.

"Kamwene, Mama," alisalimu.

"Kamwene, Bwana Linus. Nina swali, kama una nafasi."

Alimweleza habari ya lori. Nahumu aliacha kumimina mahindi, akasogea kusikiliza.

"Hesabu za miaka yote mitatu zipo?" Linus aliuliza.

"Zipo. Kaka ameziacha hapa," alijibu Nahumu.

"Basi tuziweke bega kwa bega. Hesabu ya mwaka mmoja inakuonyesha ulipo. Ukitaka kujua unakoelekea, linganisha miaka. Na usitazame jumla peke yake. Tazama kila aina ya mali."

Linus alichukua chaki. Akaandika kwenye mlango wa ghala, kwa herufi kubwa, huku Nahumu akimsomea:

Fedha: 600, kisha 350, kisha 100.
Mahindi ghalani: 300, kisha 700, kisha 1,200.
Madeni tunayodai: 100, kisha 450, kisha 900.
Ng'ombe na mkokoteni: 1,000, kisha 900, kisha 700.
Kinu na mawe: 2,000, kisha 2,000, kisha 2,000.

"Soma mstari wa kwanza, Mama. Fedha zinakwenda wapi?"

Priska alipitisha kidole. "Zinashuka. Zinashuka kila mwaka."

"Na mahindi?"

"Yanapanda. Hata madeni yanapanda. Kwa hiyo jumla inapandishwa na mahindi tusiyouza na pesa tusizolipwa."

"Ndivyo. Mali ya namna hiyo haikupi nguvu mpaka igeuke kuwa fedha. Sasa tuulize sababu. Kwa nini unga hauuziki?"

Nahumu aliinama. "Watu wanasema unga wetu una chenga. Mawe yamelika. Ili wateja wasituache, kaka akaanza kuwakopesha."

"Mawe yamelika," Linus alirudia, "lakini hapa yameandikwa elfu mbili miaka yote. Mali inayochakaa hupunguziwa thamani kila mwaka. Na hayo mahindi ya chini, yakoje?"

Priska alifungua gunia moja. Vumbi la wadudu lilitoka, na punje zilikuwa na matundu.

Wakati huo Efraimu aliingia. Aliona chaki mlangoni, akakunja uso.

"Hesabu za kampuni zinaandikwa milangoni siku hizi?"

"Kaka, kaa kwanza," Nahumu alisema. "Hisa zako ni nyingi kuliko zetu sote. Hasara ikija, itakuumiza wewe kwanza."

Efraimu hakukaa. Lakini alisikiliza. Linus hakumlaumu. Alimwomba ataje mwenyewe bei ya haki ya kila kitu. Kwa mawe yaliyolika walipunguza shilingi mia sita. Kwa mahindi yaliyobunguliwa, mia tatu. Kulikuwa na wadaiwa waliohama zamani, hawajulikani waliko. Kwa hao walipunguza mia mbili. Kisha wakajumlisha upya.

Ilikuwa shilingi elfu tatu na mia nane.

"Hii ni chini ya tulipoanza," Efraimu alisema polepole. Sasa alikaa, juu ya gunia. "Nimewaambia watu tunakua. Mama Bertila alinishika mkono akanishukuru."

"Hukuwadanganya kwa kusudi," Linus alisema. "Ulisoma mstari mmoja tu."

"Na keshokutwa ningetoa ng'ombe," Efraimu aliendelea. "Ng'ombe ndio wanaofanya kazi. Lori lingetaka petroli kila safari, na sanduku lina shilingi mia."

Priska alimtazama. Hakuwahi kumwona shemeji yake akiwa mnyonge hivyo.

"Shemeji, Makambako uende," alisema. "Ila usiende kutia sahihi. Nenda kauze mahindi mazuri kabla wadudu hawajayafikia. Kambi ya barabara wananunua hata mahindi mazima."

Efraimu aliinua kichwa. "Na fedha hizo tununue jiwe jipya."

Aliwaita wanahisa tena, akawasomea mistari yote. Haikuwa rahisi. Wengine walinung'unika, na mmoja alitaka hisa zake zirudishwe. Mama Bertila ndiye aliyewatuliza.

"Mimi nilimuuza ng'ombe wangu," alisema. "Ni afadhali niambiwe kweli sasa, kazi ikiwa bado inaweza kutengenezwa."

Wakaanza kazi. Mkokoteni wao na mingine ya kukodi ilibeba mahindi kwenda Makambako. Efraimu alirudi na fedha, na bila lori. Fundi alichonga jiwe jipya kutoka mwambani, wanaume wakalivuta kwa magogo wakiimba mpaka mtoni. Wakulima walipolipwa pareto yao, Nahumu aliwapitia wadaiwa mmoja mmoja. Tangu hapo, hakuna aliyepewa unga wa mkopo kabla ya kumaliza deni la zamani.

Siku jiwe jipya lilipowekwa, Priska alifungua mfereji. Unga ulishuka laini, mweupe. Mama Bertila alitia kidole, akauonja, akacheka. Baada ya mavuno yaliyofuata, wateja walipanga foleni mpaka barabarani. Hospitali ya misheni nayo ikaanza kununua unga wao.

Juni ya mwaka 1955, uwanja wa kinu ulijaa watu. Karatasi kubwa ilibandikwa ukutani. Ilikuwa na safu za miaka minne, bega kwa bega, na kila mtu aliyejua kusoma aliweza kuzifuata. Safari hii Efraimu alimpa Priska fimbo, akamwomba asome yeye.

"Fedha," Priska alisema, "kutoka mia moja mpaka elfu moja. Mahindi ghalani, kutoka elfu moja mia mbili mpaka mia tatu. Madeni, kutoka mia tisa mpaka mia mbili. Ng'ombe na mkokoteni, kutoka mia saba mpaka elfu moja, kwa sababu tumenunua wengine. Kinu na jiwe jipya, elfu moja mia tisa, kwa bei ya kweli. Mali yote ni elfu nne na mia nne."

Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Mwaka jana tuliambiwa elfu nne na mia tisa. Si imepungua?"

Efraimu alisimama kujibu mwenyewe.

"Ile ya mwaka jana ilikuwa ya karatasi, na nilikosea mimi. Ya kweli ilikuwa elfu tatu na mia nane. Hii ya leo mnaweza kuishika mikononi. Njoni muishike."

Akafungua sanduku, akaanza kuwaita wanahisa kwa majina. Lilikuwa gawio la kwanza la faida tangu kampuni ianze. Vigelegele vilipanda mpaka sauti ya gurudumu ikamezwa, na Nahumu akalazimika kukimbia ndani, maana jiwe lilikuwa linasaga bila mahindi, na lingelika bure.