Shimo la Sebuleni

Mwili uliovutwa kwa kamba kutoka shimoni ulikuwa bado unapumua. Ulikuwa wa Mama Mbombo, miaka sabini na minne, nyonga imevunjika, mdomo umejaa udongo. Shimo lenyewe, kina chake mita sita, lilikuwa katikati ya sebule yake huko Musonoi, mtaa wa wachimbaji. Mwanawe Stany ndiye aliyelichimbisha, akitafuta madini ya kobalti.

Inspekta Jémima Nkulu alifika gari la wagonjwa likiondoka.

"Alienda kutafuta maji ya kunywa, akaanguka," Stany alisema. "Ni muzee. Macho haione muzuri."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Inje. Nilisikia tu kelele."

"Na wachimbaji?"

"Balienda kula." Akaongeza haraka, "Kesho nitamutosha ku hospitali, arudi ku nyumba. Nitamulinda mi mwenyewe."

Jémima alitamani kumzaba kofi. Watu wa aina hii huwa wepesi wa kuwalinda wazazi wao pale polisi wanapofika.

Kando ya shimo palilala bati nene, mawe manne makubwa na fimbo ya kutembelea ya mama huyo. Alimwita Glodi, mkuu wa wachimbaji, ambaye bado alikuwa na mabaki ya bukari, ugali wa mchana, vidoleni.

"Mulipoenda kula, muliacha shimo wazi?"

"Wazi? Na mwanamuke iko mu nyumba?" Glodi alishtuka kama ametukanwa. "Mwanamuke akichungula mu shimo, kobalti inakimbia! Tulifunika na bati, tukatia mawe ine juu. Kila siku ni vile."

"Jiwe moja linabebwa na watu wangapi?"

"Babili. Mutu wa nguvu anaweza kulisukuma yeye moja, lakini ataumia."

"Nani alibakia hapa?"

"Stany na mama yake tu."

Jémima aliinama, akakumbatia jiwe moja, akavuta kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Eti bibi anayetembelea fimbo aliondoa manne kwa ajili ya kikombe cha maji!

"Stany, nionyeshe mikono."

Viganja vilikuwa na michubuko mibichi.

"Nani alifunua shimo?"

Stany aliificha mikono nyuma.

"Nani, Stany?"

"Kobalti inapita chini ya kitanda yake," alisema hatimaye. "Nilimuomba ahame mu chumba. Alikatala. Anasema ni nyumba ya tata, baba yangu, ni mule alizalia batoto yake. Nikaambia batu ni mulozi, muchawi, ni yeye anafukuza kobalti. Hakuhama. Leo nilimusukuma."

Nafasi ya kitanda! Mtu anamtupa mama yake shimoni kwa ajili ya nafasi ya kitanda.

Lakini hospitalini, Jémima alipomuuliza, Mama Mbombo aliuma meno. "Nilianguka mwenyewe, mwana wangu."

Mtoto akikunyea mkono, huukati. Jémima aliijua methali hiyo, na siku hiyo aliichukia. Stany angeyakana maneno yake mahakamani, naye mama angerudishwa mikononi mwake.

Ndipo akaingia Tata Mulumba, mkuu wa nyumba inayopokea wazee wanaoteswa, na tabasamu lake la upatanisho.

"Inspekta, hii ni maneno ya famille, kesi ya mu nyumba. Tuliisha kuipatanisha."

"Lini?"

"Mwezi jana. Alipigwa, akakimbilia kwetu. Stany akaleta mbuzi ya musamaha, tukaikula pamoja."

"Alirudi tena kwenu?"

"Juma jana. Nikamwambia mbuzi ikishaliwa, maneno imekufa. Haifufuliwe."

"Alirudi na nini mwilini?"

"Mukono ilikuwa imevimba."

Jémima alisimama kwa hasira. "Nyumba yako ni ya kupokea wanaopigwa, Tata! Ulimufungia mulango sababu ulikuwa umeshiba ile mbuzi? Kuacha mutu mu hatari ni kosa, na wewe utajibu."

"Lakini desturi..."

"Mi sikukula ile mbuzi."

Sauti ilitoka kitandani. Wote wakageuka.

"Balinitilia nyama mu sahani, nikairudisha," Mama Mbombo alisema. "Mulikula ninyi. Maneno yangu haiyakufa."

Mulumba aliangalia viatu vyake. Jémima akaketi tena na kufungua daftari.

"Andika, mwana wangu. Stany alinivuta na huu mukono wa kuvimba, akanisukuma mu shimo. Nilimuita jina yake mupaka chini." Alivuta pumzi, machozi yakimtoka. "Andika tena nyumba ni yangu. Bafukie shimo yao. Mi nitarudi kulala mu chumba yangu, na ye hatakuwamo."