Baba Aliyeshindwa kwa Kura

Maiti ilikuwa chini ya ngazi za nje, chali, imevaa fulana ya kijani. Ilikuwa asubuhi tu, lakini jua la Agosti lilikuwa limeshapamba moto. Walinzi wa mabweni ya Al Wukair walijibanza kivulini wakinong'ona Kiswahili, wakidhani yule Mwarabu aliyechutama karibu na marehemu haelewi kitu.

Luteni Khalfan alielewa kila neno. Mamake alizaliwa Unguja, na alimlea kwa Kiswahili na makofi. Ndiyo maana kila Mwafrika wa Mashariki alipopatikana na kesi Doha, faili lilitupwa mezani kwake. Kazi hiyo hakuiomba, wala haikumpandisha cheo.

"Ameteleza?" alimuuliza daktari wa polisi.

"Aliyeteleza hujishika. Viganja vyake havina hata mchubuko. Kifuani ana alama mbili, kulia na kushoto. Amesukumwa akaanguka kinyumenyume. Fuvu limepasuka."

Marehemu aliitwa Cornelius, mlinzi, Mnandi kutoka Kenya. Jana yake huko kwao ilitangazwa kwamba katiba mpya imepita katika kura ya maoni. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa La. Wakenya wa Doha hawakuwa na nafasi ya kupiga kura, basi wakapiga kelele, mwezi mzima, mpaka sauti zikawakauka.

Vidole vyote vilimwonyesha Herbert, aliyekuwa akiwahubiria wenzake kila Ijumaa.

"Ulisema utamvunja shingo?" Khalfan alimuuliza.

"Nilisema Mungu atamvunja, afande. Hiyo katiba yao ina mahakama za kadhi, ina..." Herbert alimtazama Mwislamu aliyekuwa akimhoji. "Samahani."

"Alfajiri ya leo ulikuwa wapi?"

"Lusail, kazini. Uliza supavaiza."

Khalfan aliuliza. Herbert hakuwa amebandua mguu Lusail. Debe tupu haliachi kuvika, lakini debe hili halikusukuma mtu.

"Wanandi wenzake Cornelius walikuwa upande gani?" alimuuliza Herbert tena.

"Nyekundu, karibu wote. Hata mimi nilishangaa yeye kuvaa kijani. Na katiba yenyewe Cornelius hakuisoma, ila kifungu kimoja tu, cha ndoa. Kwamba mtu ana haki ya kuoa wa jinsia tofauti na yake. Alikikariri kama sala ya Baba Yetu."

"Nani alikuwa akikipinga?"

"Si hakuna! Hapo tulikuwa kitu kimoja, Ndiyo na La."

Khalfan hakulipenda jibu hilo. Mtu hapigi kifua kwa jambo ambalo wote wamekubaliana nalo, isipokuwa yupo mmoja anayemchoma nalo.

Ronny, Mganda aliyelala chumba kimoja na marehemu, ndiye aliyemwonyesha njia.

"Alfajiri nilikuwa naenda kuoga, ssebo. Joram, Mnandi mwenzake, alikuwa anaanika nguo juu ya ngazi. Cornelius akamwambia, 'Baba yako ameshindwa kwa kura.' Mimi nikapita."

"Baba yake ni mwanasiasa?"

"Sijui. Huyo Joram hata kuongea haongei."

Khalfan aliitisha kitambulisho cha Joram. Kwa desturi za Ghuba, baada ya jina lako huja la baba yako. Kiliandikwa Joram Taprandich. Alimwonyesha Herbert.

"Hilo ni jina la kike, afande. Tulidhani mamake hakuolewa, tukamsitiri."

Joram aliletwa, kijana mrefu, macho mekundu, nguo zake bado zina harufu ya sabuni. Khalfan alimwambia akae kitako.

"Taprandich ni mama yako?"

"Hapana. Mama yangu ni Jebet."

"Basi Taprandich ni nani?"

"Ni baba yangu."

Khalfan aliweka kalamu chini.

"Si vile unafikiria, afande. Hawalali pamoja. Taprandich alifiwa na bwana bila kupata kijana wa kiume. Kwetu mjane kama huyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa msichana wanakuwa wa nyumba yake. Yeye ndiye mume. Yeye ndiye alinipeleka kutahiriwa. Shamba lake ni langu."

"Na Cornelius?"

"Babake ni ndugu ya yule bwana aliyekufa, shemeji ya Taprandich. Bila mimi hilo shamba ni lake, analitaka tangu nizaliwe. Cornelius ananiambia imeandikwa sasa, hakuna mume mwanamke. Ati mama yangu ni malaya alipewa tu mahali pa kulala, mimi ni wa kuokotwa. Anacheka. Nikamsukuma." Alifunika uso. "Nilitaka tu anyamaze. Haki ya Mungu, nilitaka anyamaze."

Iwapo kifungu kile kiligusa ndoa ya bibi kizee wa Nandi, Khalfan hakujua. Joram hakujua. Cornelius naye hakujua. Hakuna jaji aliyekuwa amelitolea uamuzi jambo hilo, na mtu alikuwa ameshakufa kwa ajili yake. Khalfan alimwonea huruma kijana yule, akajichukia kwa kuwa huruma yake haikuwa na kazi.

"Upo mlango mmoja," alisema. "Sheria ya hapa inawapa warithi wa marehemu haki ya kusamehe. Wakisamehe, hukumu inapungua sana. Baba yake Cornelius yu hai?"

Joram alicheka, kicheko kibaya. "Si ndiye huyo huyo!"

Khalfan alihangaika hata hivyo, simu juu ya simu, akapitia ubalozi. Jibu lilikuja kabla Ramadhani haijaisha. Babake Cornelius yuko tayari kusamehe, iwapo Taprandich ataapa mbele ya chifu kwamba hakupata kuoa.

"Mwambie asiape," Joram alisihi. "Nimelinda milango ya watu hapa kwa sababu ya ile nyumba. Acha nifungwe."

Khalfan alimpigia Taprandich, akaiweka simu mezani, sauti wazi, akawataka waseme Kiswahili.

"Baba, usiape," alisema Joram.

"Nimeapa jana."

"Bila kuniuliza?"

"Mwenye boma anaomba ruhusa kwa mtoto tangu lini?" Ilikuwa sauti nzito ya kizee, iliyozoea kutiiwa na watu na ng'ombe pia. "Nilisema sikuoa, chifu akaandika. Jebet anafunga mizigo, anarudi kwa kaka zake. Wewe kula kile wanakupa huko. Usikonde."

Simu ikakatika. Joram aliinamisha kichwa mezani akalia kama aliyefiwa. Khalfan alikuwa na msamaha mkononi, ule aliouhangaikia, na alitamani asingeupata.

"Afande," Joram aliuliza bila kuinua uso, "siku nikitoka, niende kwa nani?"

Khalfan alimngojea amalize kulia. Kisha akamwita askari wa zamu amrudishe mahabusu.