Maswali ya Nynke Kwenye Duara la Kahawa

Ndugu zangu wazazi, na ninyi ambao hamkuzaa lakini mnalea watoto wa wenzenu, nawaomba utulivu kidogo. Kisa hiki kilitokea Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, katika kijiji kilichozungukwa na mifereji. Waliohusika hawakuwa watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya, ningekisimulia kwa wepesi zaidi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, sikukuu ya kuzaliwa kwa Jorrit. Viti vilipangwa duara sebuleni kama ilivyo desturi, na kila mgeni aliyeingia alizunguka akitoa mkono na kupongeza kila aliyeketi: mke apongezwe kwa ajili ya mumewe, baba kwa ajili ya mwanawe, dada kwa ajili ya kaka yake. Nje mfereji ulikuwa umeganda kabisa na vijana waliteleza juu yake wakipiga vigelegele. Ndani kahawa ilinukia, mkate wa sukari na keki vilikatwa, na kila mtu alikuwa na kisahani magotini.

Baukje, dada mkubwa wa Jorrit, alikaa karibu na dirisha. Alikuwa mshona matanga ya mashua katika mji wa jirani, hakuwa na mume wala mtoto, na si mtu wa maneno mengi. Kando yake alikaa baba yao, mzee Douwe, amevaa sweta safi na kunyoa ndevu vizuri.

"Jamani, kimya kidogo!" alisema Wietske, mke wa Jorrit, akiinua simu yake. "Nynke katoa mapya."

Watu wakaanza kucheka hata kabla ya kuambiwa. Nynke alikuwa binti yao wa miaka saba, na maswali yake yalikuwa burudani ya ukoo mzima. Mama yake aliyaandika kwenye simu, akayatuma kwenye kundi la familia, kisha akayasoma kwenye sherehe. Lakini haki isemwe: katika nyumba ile mtoto hakunyamazishwa. Wietske na Jorrit walijivunia kwamba kila swali lilijibiwa mezani waziwazi, liwe la kifo, liwe la watoto wanatoka wapi. Likumbuke hilo, msomaji. Kosa lenyewe lilijificha humo humo kwenye fahari yao.

"La kwanza," Wietske akasoma. "'Mama, mtu mzima akipotea njia, nani anatakiwa kumshika mkono mwenzake?'"

"Mke!" akadakia jirani yao Hiske. "Wangu hupotea hata ndani ya duka la mbao!"

"La pili. 'Gesi ikitoka bila moto, inanukaje?'"

"Hilo nilimjibu mimi," alisema Jorrit, kifua mbele. "Nikamweleza kwamba gesi yenyewe haina harufu, ile harufu inatiwa kiwandani. Alinisikiliza kama profesa."

"Na hili sasa, shikeni vikombe vyenu. 'Mtu akisahau jina langu, bado ananipenda?'"

"Aaa! Keshapata mchumba!" alipiga kelele Hiske. "Miaka saba, na kashaachwa!"

Duara zima likaangua kicheko. Mzee Douwe alicheka kwa sauti kuliko wote, na kikombe kikagongagonga kisahani mkononi mwake. Baukje hakucheka.

"Gesi kaitoa wapi?" aliuliza.

"Ipi?"

"Ya swali lake. Nyinyi mnapikia umeme. Mlimuuliza kwa nini anataka kujua?"

Wietske alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyejua mila za nyumba. "Wifi, watoto huuliza. Leo gesi, kesho nyota. Ungekuwa na wako ungezoea."

"Mtoto wa Baukje ni tanga," Hiske alitania. "Halimuulizi kitu, linapepea tu!"

Kicheko kikarudi upya. Baukje alihisi uso wake ukipata moto. Akakata kipande cha mkate, akakitafuna polepole ili mdomo wake uwe na kazi.

Mlangoni alikuwa amesimama Nynke na sahani ya jibini. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Njoo, kipenzi!" mama yake alimwita. "Tupe lingine, tuko tayari."

"Sina."

"Hata kadogo?"

"Nimesema sina."

Mtoto aliiweka sahani mezani, akamtazama babu yake, kisha akapanda ngazi kwenda chumbani.

"Kanuna!" walisema. "Ndio umri wake." Na kahawa ikamiminwa tena.

Mimi si mwepesi wa hasira, lakini nikifika hapa hunipanda. Chumba kizima cha watu wazima, wenye macho na masikio, na mtoto mmoja ambaye alikuwa akiwaambia jambo kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Walimpa nini? Walimpa kicheko, na keki.

Sasa niwaeleze habari za Jumatano. Siku hiyo shule hufungwa mchana, na kwa familia nyingi za huko ni siku ya babu na bibi kukaa na wajukuu. Mzee Douwe alimchukua Nynke kwa baiskeli kila Jumatano, akampikia chapati nyembamba za maziwa, na wakati wa baridi kali akampeleka kuteleza kwenye barafu. Hakuna aliyehofia. Kijiji kizima kilijua kwamba barafu ya mfereji haikanyagwi mpaka Douwe aigonge kwa fimbo yake na kutikisa kichwa kukubali. Hata wanaume wenye mvi walisubiri neno lake. Nani angemwuliza mtu kama huyo kuhusu barafu?

Jumapili ile upepo uligeuka. Mvua ya joto ilinyesha usiku na mchana, na ikaendelea hadi Jumanne. Barafu ikawa ya kijivu, maji yakatuama juu yake, vijana wakatundika viatu vyao vya kutelezea.

Jumatano Baukje alikuwa karakanani kwake, tanga limetandazwa sakafuni, sindano mkononi. Lile swali la gesi halikumtoka akilini. Katika ukoo wao nyumba moja tu ilikuwa bado inapikia gesi, nayo ni ya baba yao. Alijiambia asiingilie mambo ya watoto asiyoyajua. Kisha alijiambia kwamba amechoka kujiambia hivyo. Alichoma sindano kwenye kitambaa, akachukua funguo za gari.

Alipofungua mlango wa jikoni kwa baba yake, harufu ilimpiga puani. Sufuria ya maziwa ilikuwa imefurika ikazima moto, na gesi ilikuwa ikitoka taratibu. Akafunga jiko, akasukuma madirisha yote.

"Baba! Nynke!"

Kimya. Ukutani, kwenye misumari ya kutundikia viatu vya kutelezea, misumari miwili ilikuwa mitupu: wa babu, na ule mdogo wa mjukuu.

Baukje alitazama dirishani, akaona maji yaking'aa juu ya barafu iliyooza. "Baba, imeyeyuka," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Akakimbilia banda la kondoo la baba yake, akachukua ngazi, akaiburuta kuelekea mferejini huku akipiga mayowe ya kuita majirani.

Aliwakuta karibu na matete. Barafu ilikuwa imevunjika chini yao, na mzee Douwe alikuwa amesimama kwenye tope, maji yamemfika kifuani, midomo ya bluu. Mabegani mwake alikuwa amembeba Nynke, amemshika miguu yote miwili, na mtoto ameng'ang'ania kofia yake. Mzee alimtazama Baukje, binti yake wa kumzaa, kama mtu anavyomtazama mpita njia.

"Dada," alisema, meno yakigongana, "mchukue huyu mtoto kwanza. Simjui ni wa nani, lakini anasikia baridi."

Baukje alilaza ngazi juu ya barafu, akalala juu yake, akatambaa mpaka mikono yake ikamfikia Nynke. Akamvuta. Mfugaji wa shamba la pili alifika na kamba, na kwa pamoja wakamtoa mzee.

Hospitalini walimfunika Nynke mablanketi mpaka kidevuni. Babu yake alikuwa chumba kingine, akipumua kwa msaada wa mashine. Jorrit na Wietske walifika wakikimbia, bado wamevaa nguo za kazini.

"Kwa nini hamkukaa ndani?" Jorrit alimuuliza mtoto. "Hukuona maji?"

"Niliona. Babu alisema bado ni ile baridi kali, barafu haijayeyuka. Alisema kesho tutamwalika bibi." Bibi yake Nynke alikuwa amefariki kabla mtoto hajazaliwa.

"Imeanza lini hali hii?" Baukje aliuliza taratibu.

"Zamani. Alisahau njia ya kurudi kutoka kwenye kinu cha upepo, nikamshika mkono. Alisahau kuwasha gesi baada ya kuifungua. Mara nyingine ananiita jina la bibi." Nynke alijivutia blanketi. "Alisema nisiseme. Nikisema watampeleka nyumba ya wazee na Jumatano zitakwisha. Mimi sikusema, Shangazi. Niliuliza tu."



"Na asubuhi nilitaka kuuliza tena," mtoto aliendelea. "Babu alipiga simu, nikapokea, akasema barafu ni nzuri. Nilitaka kuuliza, anayejua barafu akikosea, nani anamwambia."

"Mbona hukuuliza?" alisema Baukje.

Nynke hakumtazama mama yake. Wietske mwenyewe ndiye aliyejibu, mkono mdomoni. "Aliniita. Nikamwambia, 'Subiri, subiri, niandike!' Nilipokuwa nafungua simu, akasema, 'Basi, hamna kitu.'"

Nynke akafikiri kidogo. "Babu alinibeba, na hakunijua mimi ni nani. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, bado ananipenda?"

Jorrit alitoa kicheko kidogo chenye machozi ndani yake. Kilimtoka tu, kwa mazoea. "Loo, maneno ya mtoto huyu. Hiske akilisikia hili..."

"Usithubutu."

Baukje hakupaza sauti, lakini kaka yake alirudi nyuma hatua moja.

"Hili haliendi kwenye kundi, Jorrit. Haliliwi na keki. Mtoto huyu aliomba msaada mbele ya duara zima, tena mara tatu, na nyinyi mkashindana nani atachekesha zaidi. Aliuliza harufu ya gesi, wewe ukamfundisha habari za kiwanda! Nani kakuomba somo? Alitaka mtu mmoja tu amwambie, 'Kwani kuna nini, mwanangu?' Mmoja! Nilipouliza mimi, mkaniambia sina mtoto. Nami nikanyamaza, nikala mkate, nikamwacha baba yangu na mtoto wenu waende mferejini kwa sababu nimechekwa. Kwa hiyo hasira hii si yenu peke yenu. Lakini mtaisikia."

Jorrit aliangalia sakafu. Wietske alizima simu, akaitia mfukoni, akaketi ukingoni mwa kitanda. 

"Nynke," alisema, "kwa nini unataka kujua jibu hilo?"

Kwa mara ya kwanza hakujibu, aliuliza. Na mtoto alizungumza mpaka chai iliyoletwa ikapoa.

Mzee Douwe alipona mapafu lakini hakurudi nyumbani kwake. Daktari alisema kwamba kama angeletwa mapema, jiko lingebadilishwa, mtu angepita kumwangalia kila siku, na huenda angekaa kwenye nyumba yake muda mrefu zaidi. Sasa ilikuwa imechelewa. Lile alilolihofia likampata, na halikuletwa na mtoto aliyetoboa siri, bali na watu wazima waliocheka.

Jumatano lakini hazikwisha. Nynke huenda kumwona, na Baukje ndiye anayempeleka. Kila mara mzee humtazama mtoto kwa makini na kumuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako," Nynke hujibu.

"Ahaa," husema mzee, akimsogezea kiti. "Basi kaa."

Sikukuu ya mwaka uliofuata viti vilipangwa duara kama kawaida. Hiske, kijiko mkononi, akasema, "Haya, Wietske, tupe basi maswali ya Nynke!"

"Yana mwenyewe," Wietske alijibu. Kisha akampa Hiske kipande cha mkate wa sukari, na simu ikabaki mfukoni.

Funzo la kisa hiki

Wazazi wenzangu, tunapokutana kuzungumza habari za nyumbani, tucheke mengine. Kuna mengi ya kuchekesha katika maisha. Lakini swali la mtoto si mali yetu ya kuwaburudishia wageni. Mtoto aliyekatazwa kusema hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kuuliza. Ukimcheka, umeifunga njia hiyo kwa mkono wako. Hata kumjibu vizuri hakutoshi, maana unaweza kulijibu swali lake kwa ufasaha na kumwacha mwenyewe majini. Kabla ya kujibu, weka simu chini, mtazame usoni, umuulize amelitoa wapi. Na mtu mwingine akikuuliza hivyo kuhusu mwanao, hata kama hajazaa, usimnyamazishe. Huenda ndiye peke yake aliyesikia.