Uso Mezani, Sauti Chumbani

Mumewe aliingia saa saba mchana kula, akanawa mikono, akaketi. "Leo jua limewaka, mama watoto."

Mkewe, fundi cherehani, akacheka. Sauti ya mumewe ilikuwa nyembamba, ya kikongwe.

"Umepata mafua?"

"Mafua gani? Mbona unaniangalia hivyo?"

Mumewe, mchomelea vyuma, alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza. Miaka kumi na miwili ameizoea. Hii haikuwa yake. Na kadiri alivyoongea ndivyo uso nao ulivyozidi kuwa wa kigeni: pua ileile, kovu lilelile la cheche shavuni, lakini uso ukiingia machoni na sauti ikiingia masikioni, kichwani havikukubali kuwa mtu mmoja.

Ndipo ile sauti nzito ikamwita kutoka chumbani, ambako hakukuwa na mtu.

"Mke wangu, usile na hilo. Limenivua uso wangu, likauvaa."

Alitoka mbio hadi kwa mganga, nyumba ya tatu. Alipomsimulia, mganga akamnong'oneza, "Jini haliibi vyote viwili, uso na sauti. Limechukua kimoja. Mwenye kile kilichobaki ndiye mumeo."

"Kipi kimebaki?"

"Mimi sijalala naye. Wewe ndiye unayemjua."

Aliporudi, mume alikuwa bado mezani, analia kwa kile kisauti cha kikongwe, akimsihi aamini kuwa ni yeye, na kutoka chumbani sauti nzito ikamwita kwa jina la utani walilolijua wao wawili tu, ikamwambia fanya haraka, jini huuachia uso ukichomwa, na pasi ya mkaa ilikuwa pale kando ya cherehani, ya moto, na mkono wake ukaishika kabla hajaamua, akaikandamiza juu ya kovu, juu ya pua, juu ya jicho, na yule aliyekuwa chini yake hakumpiga, alimshika kiuno tu, taratibu, kama alivyomshika siku zote, na kwa mshiko ule akamjua.

Mumewe alifariki hospitalini siku ya tatu, amefungwa bandeji kichwa kizima. Muuguzi aliuliza mara mbili kama ana hakika huyu ni mumewe. Watu wakaambiwa ni ajali.

Kesho yake baada ya mazishi, sauti nzito ikasema chumbani, kwa upole, "Uso wake umeuharibu mwenyewe. Sasa nivae wa nani?"

Binti yao wa miaka saba alikuwa humo, anavua viatu vya shule.

"Mama!" mtoto akaita, huku akicheka. "Baba amerudi. Ananipima uso kwa futi yako."