Jiko la Rohayu

Siku ya tatu ya ndoa yake Rohayu alihamisha kopo la chumvi. Lilikaa kushoto kwa jiko la gesi, naye alizoea kulia, akalipeleka kulia. Alitoka kuanika nguo, na aliporudi kopo lilikuwa kushoto. Nyumbani hakukuwa na mtu ila mama mkwe wake, Mek Som, na Mek Som alikuwa mwaka wa pili hajashuka kitandani.

Akajicheka, akalirudisha kulia.

Lilikuwa jiko dogo, hatua nne kwa tatu, limebandikwa nyuma ya nyumba ya mbao huko Bachok. Masufuria yamelaliana sakafuni, kinu kimejaa buibui, na pembeni chungu kikubwa cha budu, kirefu hadi kiunoni, ambamo Mek Som alikuwa akichachusha dagaa wawe mchuzi huo enzi za nguvu zake. Bati moja la paa lilikuwa limeng'olewa, mvua ikiingia itakavyo. Zamri, mume wake, fundi wa pikipiki, alisema ni kwa ajili ya hewa. Mwingine angeona banda la kuku. Rohayu aliona mali. Alilelewa kwa shangazi aliyemhesabia vipande vya samaki, kisha akaosha vyombo miaka saba katika mgahawa wa Kota Bharu, na tangu azaliwe hakuwahi kuwa hata na msumari wa kutundikia mwiko wake. Alitaka kitu kimoja tu duniani, jiko lake mwenyewe, ambamo hakuna wa kumwambia weka hapa, toa pale.

Basi akajitupa kazini. Akapaka kuta rangi ya majani mabichi, akapigilia mbao za rafu mpaka darini, akapanga visu kwa urefu na mifuniko kwa upana. Akanunua mitungi ya kioo ya sare moja, akaibandika vikaratasi kwa mwandiko wake wa shule: manjano, pilipili, ukwaju, dagaa. Mtungi wa mwisho, mdogo kuliko yote, aliuandika ROHAYU. Humo angeweka pete na vibanio vya nywele wakati wa kutwanga viungo. Aliutazama mtungi ule kwa muda mrefu, akaona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Wifi yake Salmiza alikuja kila Ijumaa kumwona mama, na chakula cha kununua mkononi, akala amesimama uani. Hakukanyaga jikoni hata mara moja. Rohayu alipomwita aje aone rafu, alijibu kutoka nje kwamba anaona vizuri tu pale alipo. "Una mikono mizuri, wifi," akasema. "Mama atakupenda."

Lakini kila kilichopangwa kilipanguliwa. Akienda msalani, akirudi visu vimerudi vilikozoea, manjano yamemwagwa kwenye bakuli kuukuu, mwiko umelazwa juu ya chungu cha budu. Kisha zikaanza sauti za mchana. Rohayu alikuwa amelala kidogo baada ya adhuhuri aliposikia mbuzi ikikuna nazi jikoni, kruu, kruu, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi, na nyumba nzima haikuwa na nazi hata moja, na akaamka, akapita ukumbini kwa miguu mitupu huku harufu ya nywele zilizoungua ikimjia puani na kuzidi kwa kila hatua, na alipofika mlangoni akaiona mbuzi imekaa katikati ya sakafu, ulimi wake ukiwa na joto la kazi, na kibao chake kimebonyea kidogo kwa uzito, na kile kibonyeo kikainuka polepole mbele ya macho yake, kwa sababu aliyekuwa amekaa pale alikuwa ameinuka kumpisha.

Alimweleza Zamri jioni. Zamri hakushangaa, na hilo lingetosha kumfungua macho, lakini mapenzi mapya yana upofu wake. Alimwambia jiko bado ni la mama. Akamwombe kwa adabu, atampa.

Mek Som alikuwa amebaki ngozi na macho. Alisikiliza ombi lote, akamshika mkwewe kiganja kwa nguvu ambazo mgonjwa hana.

"Unalitaka jiko langu, mwanangu?"

"Nalitaka, mama."

"Na vyote vilivyomo?"

"Vyote."

"Basi sema umepokea. Sema kwa sauti, na hawa wasikie."

Zamri alikuwa mlangoni, anaangalia chini. Dirishani nje alisimama Salmiza, na haikuwa Ijumaa. Rohayu akasema, "Nimepokea."

Yule mama akashusha pumzi ndefu, na kinywani mwake ikatoka ile harufu ya nywele zilizoungua. "Maskini," akasema, karibu kwa upole, "hata hukuuliza ni vitu gani." Akafa kabla adhana ya alasiri haijaisha. Salmiza alilia sana, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kesho yake, baada ya mazishi, Zamri alipanda juu akaligongomea lile bati mahali pake.

Tangu hapo jiko likawa tiifu. Rohayu akiacha kisu popote, akigeuka kimerudi kwenye safu. Akileta manjano kutoka sokoni, atayakuta mtungini, yameshamenywa. Aliogopa siku mbili, kisha akaanza kuzoea, na kwa siku tisa, niseme ukweli, alikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Bachok.

Siku ya kumi alifungua mtungi wenye jina lake achukue pete. Ndani mlikuwa na shungi la nywele, limefungwa vizuri kwa uzi, na ukucha mmoja. Akatazama mguu wake. Kidole kidogo hakikuwa na ukucha, wala damu, wala maumivu. Siku iliyofuata mlikuwa na jino, na ulimi wake ukakuta pengo. Akabandua kile kikaratasi, akautupa mtungi mtoni. Aliporudi ulikuwa rafuni na jina lake juu, na sasa meno yalikuwa mawili.

Mganga, Tok Leh, alikuja akaketi kizingitini, akakataa kuingia. Alinusa tu, akaeleza kwa sauti ya chini. Jini hili lilifugwa na bibi yake Mek Som, limsaidie kazi za jikoni. Aliye nalo hafi mpaka mwingine alipokee. Walitoboa paa litoke lenyewe, lakini halikutaka mbingu, lilitaka mwenyewe. Halimchukii mtu. Linaweka kila kitu mahali palipoandikwa na mwenye jiko, mpaka kitu kiishe.

"Litoe, Tok," Rohayu akanong'ona.

"Kilichopokelewa kwa mdomo hakitolewi, binti yangu." Mzee akafikiri, akatazama pembeni. "Ila huwa linaanza na chombo kikubwa. Siku zote, chombo kikubwa kwanza." Akainuka, akaondoka upesi kuliko umri wake.

Usiku ule, kwa maneno machache, Rohayu alimuuliza mumewe alijua tangu lini. Zamri hakukana. Alisema ilibidi mpokeaji awe Salmiza, au yeye mwenyewe, au mtu wa nje. "Nilitafuta mwanamke anayependa jiko," akasema, bila ukali wowote, "na asiye na mama wa kumuuliza." Kisha akaomba aongezewe wali.

Rohayu akamwongezea.

Asubuhi Zamri alipokwenda karakana, Rohayu alikiosha chungu cha budu kwa maji ya moto mara tatu, akakifuta, akakiweka chini ya dirisha penye mwanga. Akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, bila haraka, akabandika na kusawazisha pembe kwa kidole gumba. Nyuma yake, mbuzi ikatoa mlio mmoja.

Zamri alirudi saa sita mchana, amekumbatia mkono wake wa kushoto. Akafika mlango wa jikoni, akaliona jina lake kwenye chungu.

"Ayu, bandua hiyo karatasi."

"Ingia ubandue mwenyewe."

"Ayu, nakusihi. Mimi ni mume wako."

Rohayu alikuwa anakaanga samaki, mgongo umemgeukia. Alimwambia jiko ni lake, ruhusa ametoa, mlango uko wazi, na kutoka hapo hadi kwenye chungu ni hatua tatu. Zamri akatazama chungu, akatazama kizingiti, akasimama mpaka samaki wakaiva, na hakuingia.

Kesho yake alikuja tena kusimama palepale. Safari hii alishika ukuta kwa mkono uliobaki, maana mguu wake wa kulia ulikuwa hauna vidole.