Mlango wa Stoo ya Chipu

Haya nilisimuliwa na shangazi wa binti mmoja, msimu wa mvua uliopita, tukikunja nguo zilizoanikwa ndani mpaka zikaanza kunuka uvundo. Alifinya shati moja, akaguna, akasema nisione unyevu ni kitu kidogo, nusura umwachanishe mtoto wa kaka yake na mchumba.

Binti huyo alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuunganisha redio. Wenzake walimwita Bi Ukavu, maana wimbo wake ulikuwa mmoja tu: funga mlango. Stoo yake ilikuwa na mashine inayokausha hewa, ikinguruma kutwa. Chipu, vidude vyeusi vidogo kama kunguni, zilikuja zimezungushwa kwenye roli, magurudumu mepesi ya plastiki, ndani ya mifuko iliyonyonywa hewa. Ukiziacha wazi zinakunywa unyevu kimyakimya, na kwa macho huoni kitu. Zikiingia kwenye oveni ya kuzichomelea kwenye bodi za redio, maji yanachemka tumboni mwao, zinapasuka.

Yeye na fundi wa oveni walikutana getini, zamu zikipishana, watu wakisukumana kama wanagawiwa kitu. Fundi akamkanyaga, kanda ya kiatu ikakatika.

"Samahani, dada. Mguu wangu hauna breki."

"Na macho nayo hayana taa?"

Akachutama palepale, shati lake la buluu limeungua mkono mmoja, akaifunga ile kanda kwa kipande cha waya. Binti akatembea na waya ule wiki nzima, na viatu vingine anavyo.

Desturi ya kiwanda ilikuwa fundi achukue roli zake zote mara moja, zamu inapoanza. Huyu akaanza kuchukua moja moja.

"Nimesahau roli."

"Umesahau, au umenikumbuka?"

Ndani haruhusiwi mtu ila mtunza stoo, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa mlangoni, fundi kauegemea kwa bega, hewa ya mvua inapita juu ya vichwa vyao. Bi Ukavu, aliyekuwa akiwafokea watu wazima kwa ajili ya mlango huo, hakuuona ukiwa wazi. Mashine iliponguruma zaidi alidhani imezeeka.

Bodi zikaanza kufa. Msimamizi akaja na kipimo, akakuta hewa ya stoo imejaa unyevu. Akawakusanya watu wote, akamsema binti kama mtoto aliyemwaga maziwa, kwamba uzembe huo ukirudiwa, stoo atapewa mwingine. Fundi alikuwa nyuma ya binti. Akatazama viatu vyake mpaka watu wakatawanyika.

Kuanzia kesho yake hakuonekana mlangoni. Roli zilifuatwa na mwenzake, zote kwa mkupuo. Simu nayo kimya. Binti akabaki kuzikausha chipu upya kwenye oveni ya moto mdogo, trei baada ya trei, kazi isiyotaka haraka wala kuketi. Alirudi nyumbani miguu imevimba, shangazi akimuuliza anaitika tu.

Jioni moja, kanga imelegea kiunoni, ameloweka miguu kwenye beseni, akapiga simu yeye.

"Umeniacha, au umekufa?"

"Nipo hai, mpenzi."

"Basi umeniacha."

Fundi akamweleza. Alikwenda kwa msimamizi ofisini, akakiri kuwa mlango alikuwa akiushikilia yeye. Akaambiwa akionekana tena mlangoni, atakayetolewa ni binti. Ndiyo maana akajitenga.

"Na simu? Simu nayo inaingiza unyevu?"

"Niliona haya."

"Ofisini mlikuwa wangapi?"

"Mimi na yeye."

"Mimi nilisemwa mbele ya watu," binti akasema, polepole, maana hata hasira ilikuwa imemchosha. "Wewe umenitetea chumbani. Siwezi kuolewa na mtu wa kunitetea chumbani. Lala salama." Akakata.

Asubuhi, watu wakiwa wamepanga mstari kusikiliza maagizo ya siku, fundi akanyoosha mkono. Akaanza, akakosea, akaanza tena. Alisema chipu zile ziliharibika kwa sababu yeye alikuwa akisimama mlangoni na kuuacha wazi, kwa kuwa anampenda mtunza stoo na hakuwa na njia nyingine ya kumwona. Mmoja akapiga mbinja. Msimamizi hakucheka, akamhamishia ufungaji wa maboksi siku hiyohiyo, kazi ya kubeba, nje kabisa ya jengo. Binti aliinamia trei zake, machozi akayafuta kwa bega ili mikono ibaki mikavu.

Jumapili mchana fundi akaenda kwao binti, mgongo unamuuma, shati limepigwa pasi. Shangazi hakumzungusha.

"Siku nyingine akisemwa na watu?"

"Nitasema palepale, shangazi."

"Hata ukitetemeka?"

"Juzi nilitetemeka."

Shangazi akamtazama binti. Binti akasema awalete wazee wake wakati wowote, ila si wiki hii, wiki hii amechoka. Akasogea kwenye kochi, akaegemeza kichwa begani kwa fundi, lile lililokuwa likiegemea mlango sasa limechubuka kwa maboksi, na fundi akauvumilia uzito huo bila kulalamika. Walizungumza maneno mawili matatu kuhusu chumba cha kupanga. La nne halikufika. Fundi alikwisha lala, na binti naye. Shangazi akawafunika shuka moja, akaketi mkekani kuwalinda, akapiga miayo, akajinyoosha, akalala.