Nani Ananikatia Jua?

Pikipiki ilizima katikati ya kilima. Nyuma yangu kulikuwa na lori la kokoto!

Haikukohoa wala kutikisika... ilinyamaza tu.

Jamani, nilisikia honi, nikasikia breki zikilia, nikajirusha mtaroni na pikipiki yangu kama gunia. Lori lilipita palepale nilipokuwa nimekaa sekunde mbili kabla. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wewe! Umechoka kuishi?"

Sikuwa nimechoka kuishi. Nilikuwa nawahi hospitali kupimwa, nimpe mama yangu figo moja.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili mfululizo kuzimikiwa njiani. Nikampigia nesi wa hospitali pale pale mtaroni, magoti yanavuja damu.

"Kaka, nakusihi," akasema. "Ukikosa na ya wiki ijayo, faili linafungwa. Nafasi anapewa mwingine."

Mniambie ninyi, ningelala usingizi?

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni seremala. Pikipiki yangu ni ya umeme, na kile kioo cha kuonyesha chaji kilipasuka zamani. Kwa hiyo mimi nachaji kwa kuhesabu masaa. Sola nimeiegemeza uani, karibu na mlango wa jiko, wati mia mbili.

Fundi aliyeniuzia tunamwita Wati, na hesabu alinipa yeye.

"Betri yako volti arobaini na nane, ampea ishirini. Zidisha, unapata mia tisa na sitini. Sasa usigawanye kwa mia mbili! Hiyo mia mbili ni ya kwenye karatasi. Jua la kweli litakupa mia na hamsini. Weka masaa sita na nusu."

Mimi naunga saa mbili asubuhi, narudi kutoka kazini saa kumi. Masaa manane! Yanatosha na mengine yanabaki.

Jumapili nachaji, Jumatatu nampeleka mama kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatano nachaji, Alhamisi tunaenda tena. Haijawahi kutuangusha hata siku moja.

Ijumaa nachaji vilevile... Jumamosi nazimika!

Siku ile ile nikamkokotea Wati pikipiki mpaka kibandani kwake. Akapima betri. Akaja nyumbani, akapima sola. Akakuna kidevu.

"Ilikufikisha wapi?"

"Kilomita kumi na mbili."

"Na ikijaa inakwenda arobaini. Basi jana ilikula jua la masaa mawili tu. Hayo mengine yamekwenda wapi?"

"Sola mbovu?"

"Nzima."

"Betri?"

"Nzima kabisa." Akaangalia mlango wa jiko, akashusha sauti. "Ndugu yangu, tatizo lako lina miguu. Kuna mtu anakukatia jua."

Nikamjua hapo hapo.

Maana habari ya figo mama alikuwa haijui. Nilimdanganya kwamba Jumamosi nina kazi nje ya mji. Aliyejua ni mtu mmoja tu pale nyumbani. Mke wangu! Na alikuwa amepinga waziwazi.

"Una watoto wawili, baba watoto. Ukianguka na mbao begani, nani atawalea?"

Usiku ule nilimkalia kooni.

"Unataka mama yangu afe?"

"Unasema nini wewe?"

"Sola! Unaifanya nini sola yangu Ijumaa?"

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Akabeba mto wake, akaenda kulala na watoto. Wiki nzima hakunisemesha. Chakula anaweka mezani, anaondoka.

Mimi nikasema moyoni, kimya chake ndicho ushahidi.

Ijumaa ikafika. Nikaunga betri, nikaaga, nikazunguka nyuma na kujibanza kwenye choo cha jirani. Kina tundu linaloangalia uani kwetu. Harufu siwaelezi!

Saa tatu, mke wangu akatoka na beseni. Ngumi zikajikunja zenyewe...

Akaanika nguo za watoto kwenye kamba. Akachukua kikapu, akaenda sokoni, huko Ijumaa hushinda mpaka alasiri. Sola hata hakuitupia jicho.

Saa nne, mlango ukafunguliwa tena, polepole.

Akatoka mama.

Mama yangu ambaye hata kikombe anakishika kwa mikono miwili! Alitembea akishika ukuta, anapumzika, anatembea. Begani ana shuka zito. Akalitandaza juu ya sola, akalinyoosha pembe zote nne. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando yake kama mtu anayelinda nafaka isiliwe na kuku.

Nilitoka chooni mbio.

"Mama!"

Hakushtuka.

"Ukuta wetu ni wa mbao, mwanangu. Nasikia mpaka unavyokoroma. Ulidhani simu za nesi sizisikii?"

"Mama, nataka upone!"

"Nilikuzaa na figo mbili. Utakufa na mbili."

"Jumamosi nilikoswa na lori, mama. Betri ilikata kilimani."

Hapo ndipo uso ulipomwanguka.

"Lori? Mimi nilitaka uchelewe tu, baba... uchelewe tu!"

Alilia, nikalia. Mke wangu aliporudi alitukuta tumekaa chini. Nilimwomba msamaha mbele ya mama. Akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni na kikapu chake.

Jumamosi, betri imejaa, mama akasema tunakwenda wote. Nikafurahi, nikajua amelegea!

Daktari akafungua faili, akatoa karatasi.

"Mama, hapa ulisaini kwamba umekubali kupokea figo ya mwanao."

Ndugu zangu... nikatazama sakafu.

Kwa sababu sahihi ile niliiweka mimi. Miezi miwili nyuma, kwenye benchi la nje, kwa kalamu ya kuazima. Niliona nikimuuliza atakataa, nikamsainia.

Mama akaitazama ile karatasi. Akanitazama mimi.

"Ni sahihi yako, mama?" daktari akauliza.

"Ni yangu," akasema. "Lakini nimebadili mawazo. Sitaki."

Faili likafungwa.

Tukapanda pikipiki kurudi. Tulipofika kilimani pale nilihisi mikono yake ikinikaza kiunoni, mpaka tukamaliza kupanda.

Wiki nzima nilimsaka msaliti ndani ya nyumba yangu, kumbe alikuwa mimi. Nilipiga hesabu ya volti, ya wati na ya masaa ya jua, na mwenye mwili sikumuuliza neno moja.

Wewe unayesoma hapa, kama una mgonjwa nyumbani na unampangia mambo makubwa... inuka, nenda chumbani kwake, muulize anataka nini. Na akikujibu, msikilize hata kama jibu linauma.

Mimi la kwangu linaniuma mpaka leo.